Kidirisha cha Kona

Kwetu Chubut kiliitwa *ventilete*,
kioo cha pembetatu kisichotosha
hata kuziba uso wa mtoto,
kwenye kona ya mlango wa pikapu,
Fodi ya rangi ya haradali, ya mwaka sabini na nne.

Na upepo wa kwetu haubembelezeki.
Unashuka milima ya magharibi na njaa yake,
unang'oa mabati,
unawageuza kondoo waelekee upande mmoja
kama safu ya kusali.
Fungua dirisha kubwa: kofia imekwenda,
chai ya kibuyuni imemwagika mapajani,
changarawe iko kati ya meno.
Funga yote: umebaki na harufu ya manyoya mabichi,
petroli, mbwa wawili,
na baba aliyekwisha kununa.

Basi baba alibana kikomeo kwa kidole gumba,
akakisukuma kioo kidogo tu,
na upepo ule ule, jitu lile lile la barabarani,
ukaingia kwa adabu
kama mgeni aliyevua viatu.

Alikuwa na vipimo vyake.
Nusu kidole, jivu la sigara.
Vidole viwili, usingizi wa saa nane mchana.
Januari alikigeuza hadi kikatazama nyuma,
upepo ukampiga kifuani, shati likavimba,
naye akacheka peke yake,
Segundo Huenchumil, ambaye hata harusini mwake
picha zote zimemtoa kakunja uso.

Siku ya kukata manyoya alifunga milango, funguo ndani.
Ndani pia Ailín, miezi mitano, usingizini,
na jua likipanda juu ya bati la kibanda.
Wakataji wakakusanyika, kila mmoja na shauri lake.
Baba akaokota jiwe.
Nilikuwa na miaka saba na mkono kama fimbo ya mwanzi.
Nikasema, subiri.
Kikomeo kilikuwa kimelika, nilijua mimi,
maana nilikichezea safari nzima kila Jumapili.
Nikakitikisa, kikalegea. Nikapenyeza vidole,
kiwiko, nikakwama kwapani, nikajichana,
nikanyoosha,
nikagusa kitufe.
Kovu ninalo. Ailín halikumbuki jambo hilo
na hunidai ushahidi.

Raba ilipozeeka, kidirisha kikaanza kupiga mluzi.
Kwenye mwendo wa sitini, sauti nyembamba;
kwenye themanini, kama birika lililosahaulika.
Baba hakuitengeneza. Kesho, alisema, miaka kumi na tisa.
Mama alitusikia kabla ya injini,
kabla ya vumbi,
akaweka maji jikoni.

Magari ya sasa hayana kona hiyo.
Yana kiyoyozi, na kioo kimoja kikubwa
kinachoshuka chote au hakishuki.
Owain Pugh, muuza vipuri wa Trelew,
alipekua makasha hadi jioni akinitafutia raba.
"Zamani," alisema, huku akipuliza vumbi,
"mtu alipatana na upepo. Siku hizi anaufungia nje."
Kisha akanitajia bei, na falsafa ikaishia hapo.

Nilinunua. Baba alikuwa ameshazikwa miezi minne.
Nikakwangua gundi ya zamani, nikaipachika raba mpya,
nyeusi, laini, imekaa kama ukucha kwenye kidole.
Nikaendesha kilometa mia mbili na arobaini
bila mluzi hata mmoja.
Nilijisifu, kusema kweli.

Mama alishtuka kunikuta mlangoni.
Mikono ina unga, jiko limezimika.
Alitazama nyuma yangu, uani,
akaitazama pikapu muda mrefu
kama mtu aliyeletewa maiti si yake.
"Umekuja na gari la nani?" akauliza.

Asubuhi niliazima wembe wa baba, bado uko bafuni,
nikakata kwenye raba mpya, pale pembeni, chini,
kipande cha ukubwa wa punje ya mchele.
Kisha nikazunguka hadi barabara kuu
na kurudi,
kwa mwendo wa themanini.